Msuko wa Chai: Hadithi Inayoanzia Mlangoni pa Kiwanda

Anayezuru kiwanda cha chai Kericho husimuliwa hadithi kwa msuko uleule. Hupokelewa pale majani mabichi yanaposhushwa, huonyeshwa vitanda virefu vya kunyaushia, hupelekwa kwenye mashine, kisha huishia chumba cha kuonjea, mbele ya safu ya vikombe vyeupe. Ni ziara yenye mwanzo, kilele na tamati. Nani anafanywa mhusika, na nani ameachwa nje?

Kilele kimesukwa vizuri mno. Rola mbili za chuma zenye meno huzunguka kwa kasi zisizolingana, na jani likipita katikati hupondwa, huchanwa na kuviringwa kwa pamoja. Mashine hiyo ilibuniwa na William McKercher kule Assam mwaka 1930. Punje zinatoka zikiwa bado za kijani. Ni katika kuchacha ndipo zinapogeuka hudhurungi, na harufu ya nyasi iliyokatwa inahama kuwa harufu ya tunda lililoiva. Mwongozaji mwenye subira hukuacha usimame hapo uone rangi ikibadilika. Asiye nayo hukuharakisha kwenye tanuri. Mimi namsifu wa kwanza, maana hatua hii ndiyo moyo wa hadithi nzima.

Kasoro iko kwenye mwanzo. Jani linaingia hadithini likiwa tayari limechumwa na kupimwa, kana kwamba limejileta lenyewe. Mchumaji amebaki kuwa idadi ya kilo. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchumia katika mashamba ya Kericho, wakilia kwamba zinawanyima watu kazi. Kwenye msuko huu kilio hicho hakina mahali pa kuingia.

Barabara ya kuja huku inasimulia vizuri zaidi. Ukitoka Kericho mjini unapita mashamba ya makampuni: chai imekatwa kimo kimoja, mlima kwa mlima, bila nyumba ya mkulima katikati. Ukikaribia Litein chai inakatizwa na mahindi, majani ya ng'ombe na paa za mabati, na hali ni hiyo hadi upande wa Bomet. Mpaka huo ni wa kihistoria. Brooke Bond walianza kupanda Kericho miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyopokonywa Wakipsigis, na Waafrika walizuiwa kulima zao hili hadi miaka ya 1950, Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipowafungulia njia. Katikati ya hapo, mwaka 1934, serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Huko Hantane, karibu na Kandy nchini Sri Lanka, kiwanda cha mwaka 1925 kimegeuzwa makumbusho ya chai, na James Taylor, mpandaji wa mwaka 1867, amepewa nafasi ya heshima. Wamerudi nyuma kuliko sisi, lakini wameishia kwa mpandaji. Kericho na Bomet wasiige hapo. Siku kaunti hizi zitakapojenga makumbusho yao, chumba cha kwanza kiwe cha Gwassi na cha pili kiwe cha mchumaji na mizani yake. Rola zipewe cha tatu.