Kumngoja Mama Barabara ya Mweka

Kilimanjaro Marathon huanzia Moshi, kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, jua likiwa ndiyo kwanza linachungulia. Wakimbiaji wa kilomita 42.195 huishika kwanza barabara kuu ya Dar es Salaam, ambako njia ni tambarare, kisha hurudi mjini na kuanza kupandisha kuelekea Mweka. Wapiga picha wa mashindano, wenye lenzi ndefu, humpiga kila apitaye. Namba ya kifuani ndiyo itakayosema baadaye nani ni nani. Kando yao husimama mtu mwingine, ana kamera ndogo aliyoinunua juzijuzi, naye anamngoja mtu mmoja tu: mama yake.

Huyu wa pili anafanya kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Chombo alichoshika kina historia inayomfaa. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alikuwa na pumu, na kamera za vioo za enzi zake zilimchosha alipotoka kwenda kupiga picha milimani. Akabuni kamera ya kuingia mfukoni, inayotumia filamu ya sinema. Mwaka 1925 ikaanza kuuzwa kwa jina la Leica. Kamera ndogo basi ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea huku pumzi zikimbana, na siku ya marathoni mpiga picha wa familia hutembea sana. Barabara nyingine zimefungwa, bodaboda imemshusha mbali, na kutoka hapo mpaka mteremko wa Mweka ni miguu yake mwenyewe.

Akifika, hesabu inamsubiri. Mkimbiaji anayemaliza kwa saa tano huenda mita 2.3 hivi kwa sekunde. Ni mwendo mdogo, mtu angesema, lakini shata ikifunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde mwili huo umeshasogea karibu sentimita nne, na mguu unaorushwa mbele umekwenda mbali zaidi. Uso utatoka na ukungu, viatu havitajulikana ni vya nani. Kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde mwili husogea milimita mbili na kidogo, na hapo hata jasho la kwenye kidevu linaonekana. Mwenye kamera mpya inampasa kuyajua haya kabla ya Jumapili ya mashindano. Ajifunze kukibonyeza kitufe nusu, akilenga alama barabarani ambapo mama atapita, aishikilie fokasi hapo, kisha amalizie kubonyeza mama anapoikanyaga alama hiyo. Zoezi lake ni rahisi: jioni mbili tatu kando ya barabara, akiwapiga picha waendesha baiskeli wanaorudi nyumbani.

Jua nalo lina habari zake. Moshi iko karibu na ikweta, na mbio hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wakati ambapo jua la saa sita linakaribia utosini kabisa. Asubuhi mwanga huja ubavuni, laini, na mlima ukiwa na hisani huonekana wote. Mama anapofika kwenye kilomita za thelathini na kitu, kofia imemtia giza usoni. Hapa kamera ndogo nyingi zina faida ambayo wenye kamera kubwa huionea wivu: shata yao imejengwa ndani ya lenzi, hivyo flashi hufanya kazi hata kwa kasi kubwa. Mwako mdogo tu, na macho yanatoka kwenye kivuli.

Lakini kinachomtofautisha kabisa mpiga picha huyu hakiuzwi dukani. Katika msafara wa fulana zinazofanana, anamtambua mama kwa mbali kwa bega la kushoto linalopanda kila anapochoka. Anajua kwamba mama akiiona kamera mapema atanyoosha mgongo na kutabasamu kwa ajili ya watu. Basi anajibanza nyuma ya migomba, anapiga kwanza, ndipo anapaza sauti kumshangilia. Uso wa kabla ya tabasamu ndio uliokwea kilima.

Kuna picha zinazopigwa kwa sababu nyingine. Septemba 15, 2025, huko Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa muda uleule, saa 2:09:48. Kamera ya mstari wa mwisho ilionyesha kiwiliwili cha Simbu kimetangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Hiyo ni picha ya haki, nayo tunaihitaji. Hata hivyo, mwanariadha wa Tanzania aliyebaki machoni pa dunia kwa zaidi ya nusu karne ni John Stephen Akhwari, aliyeingia uwanjani katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa mwisho. Tunamwona mpaka leo kwa kuwa wenye kamera walikuwa bado hawajafungasha.

Kwa hiyo mwana asiondoke Mweka washindi wanapopita, wala asihesabu kwamba medali pale uwanjani ndiyo picha kuu. Betri ya pili iwe mfukoni. Usiku, picha zikichambuliwa, aonyeshwe mama kwanza kabla ya kundi la WhatsApp la ukoo. Akiikataa ile aliyokunja uso kwenye mlima, isitumwe. Akiitaka, isafishwe kwenye karatasi, kubwa kiasi cha namba ya kifuani kusomeka kutoka upande wa pili wa sebule.