Nguzo Iliyomsahau Mwewe

Ukitoka katika mashamba ya chai ya Kericho, ukapita mji wa Bomet na kushika njia ya Longisa, itazame nguzo ya umeme, msomaji, kama utazamavyo kazi yoyote ya fundi. Imenyoka, ina nguvu, na nyaya zake zimepeleka mwanga katika nyumba zilizokuwa zikitegemea taa za mafuta. Sifa hizo ni za haki. Lakini kazi huhukumiwa pia kwa lile ambalo fundi alilisahau.

Aliyesahauliwa ni mwewe. Palipokatwa miti mirefu, nguzo ndiyo kiti chake cha kuvizia panya. Akigusa waya mmoja tu hadhuriki. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo: mauti humjia atandazapo mbawa akagusa waya wa pili, au chuma kilichoungwa na ardhi. Mbawa za mwewe mkubwa hupita mita 1, na za tai wakubwa hufika mita 2. Nafasi baina ya nyaya katika nguzo nyingi za vijijini haitoshi.

Utasema, watu kwanza, ndege baadaye. Hoja hiyo ina uzito, ila yatutaka tuchague pasipo haja. Ndege aunguapo, umeme nao huweza kukatika. Hapo mkulima hukosa taa, tena hukosa mlinzi wa mahindi yake. Na dawa yajulikana. Tangu miaka ya 1970, mafundi wa Marekani wamekuwa na kipimo cha sentimita 150 baina ya nyaya ili kumlinda tai. Pasipowezekana hivyo, nyaya huvikwa ala isiyopitisha umeme karibu na nguzo na kwenye transfoma.

Kujua peke yake hakutoshi. Karibu na Port Sudan, nchini Sudan, njia ya umeme iliyojengwa miaka ya 1950 ilionekana mwaka 1982 kuwa inaua tumbusi weupe. Haikuzimwa hata mwaka 2014. Zaidi ya miaka 30 ilipita baina ya kujua na kutenda.

Kutojua husameheka, kujua na kuacha ndiyo aibu ya fundi. Nguzo ingali imelala kando ya njia, kuongeza shibiri chache ni kazi nyepesi. Ikisha kusimama, hapana budi kuipanda. Basi kila nguzo mpya ifikapo Longisa, ulizeni kwanza: mwewe atakaa wapi?