Suti Asubuhi, Yunifomu Mchana

Papa Shirandula anatoka nyumbani na suti. Akifika kazini anaivua, anavaa yunifomu ya ulinzi. Mkewe, Wilbroda, anaamini ameolewa na mtu wa biro. Kumbe mume anashinda getini, akiwafungulia wenye biro. Juu ya uongo huo mmoja kilisimama Papa Shirandula, kichekesho cha Citizen TV ya Kenya kilichoanza 2007. Mimi nimekitazama vipande vipande kwenye simu hapa Songo, Uvira, na kinachonishughulisha ni ufundi wake: uongo mdogo namna ile uliwezaje kubeba mzigo wa miaka?

Familia ya mtu wa kipato cha chini ni mtihani kwa mwandishi wa vichekesho. Kila siku yake inafanana na jana: kodi, unga, ada ya shule, nauli. Ukiyaonyesha yalivyo, mtazamaji atakuambia hayo anayo kwake, hakuwasha televisheni kuyatafuta. Ukiyaficha, atakuambia hiyo si familia yake. Lazima pawe na injini ya kuyasukuma.

Wamarekani walipata injini yao mapema. Katika The Honeymooners, vipindi 39 vya mwaka 1955 na 1956, Jackie Gleason ni dereva wa basi mjini New York, mshahara dola 62 kwa wiki, na karibu kila kitu kinatokea katika chumba kimoja chenye meza na jiko. Dereva huyo anaingia nyumbani na yunifomu yake mwilini. Mkewe anaujua mshahara wake hadi senti ya mwisho, kwa hiyo hakuna cha kumficha. Injini pale ni ndoto: kila mara mume amebuni njia mpya ya kutajirika, na kila mara inamwangukia kichwani.

Vitimbi, kichekesho cha televisheni ya KBC hukohuko Kenya, kilikwenda njia nyingine. Mzee Ojwang na Mama Kayai walitegemea mdomo. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Ojwang wake alizungumza Kiswahili cha Mjaluo mpaka wengi wakaapa kwamba ni Mjaluo kweli. Sisi wa Kongo tuliolelewa na Théâtre de chez nous ya Groupe Salongo, kwa Lingala ya Kinshasa, tunaijua aina hiyo: mume, mke, na makelele ya parseli nzima.

Papa Shirandula ina makelele pia, lakini hayo ni mapambo. Jaribio langu ni hili. Kichukue kipindi kikavuke mpaka, kije kwa watu wasioweza kutofautisha lafudhi ya Mluhya na ya Mjaluo. Hapa Uvira tunamtambua Mvira, Mfuliiru na Mbembe kwa neno la kwanza tu. Lakini “gari” ikigeuka “kari” kinywani mwa Mluhya, au “shamba” ikawa “samba” kwa Mjaluo, sisi tunasikia Mkenya tu. Awinja, aliyeigizwa na Jacky Vike kwa lafudhi nzito ya Kiluhya, anatuchekesha, ila nadhani nusu ya utani wake inabaki kulekule Kenya. Suti haibaki. Suti inavuka bila mkalimani.

Hapo ndipo ninapouona ufundi. Kwanza, vazi linafanya kazi ya maneno. Mwandishi hahitaji mhusika aseme “ninaionea haya kazi yangu”. Mtu akibadilisha nguo, limekwisha semwa, hata kwa aliyechelewa kufungulia. Pili, vazi linachora mpaka. Nyumbani ni nchi moja, getini ni nchi nyingine, na kila anayeweza kutembea kati ya hizo mbili, awe jirani, ndugu au mfanyakazi mwenza, ni hatari inayotembea. Mwandishi akikosa kisa wiki hii, anachukua mtu wa upande mmoja anamsogeza upande wa pili. Visa vya namna hiyo haviishi upesi.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, uongo una gharama. Mke anayeamini mumewe ni mtu wa biro ana haki ya kudai vya mtu wa biro. Hana kosa, anapiga hesabu kwa tarakimu alizopewa. Jacky Nyaminde alimpa Wilbroda sauti kubwa, na wapo wanaomwona mke msumbufu. Mimi naona ndiye mhusika mwenye akili timamu kuliko wote: madai yake yanalingana kabisa na suti inayotoka mlangoni kila asubuhi. Umaskini unaonekana bila mtu kuutaja, katika nafasi iliyopo kati ya mshahara halisi na mshahara wa koti.

Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa na aliyefariki tarehe 18 Julai 2020, alikuwa na mwili mkubwa, na aliutumia. Bonge la mtu ndani ya suti anaweza kupita kwa mkurugenzi. Bonge lilelile ndani ya yunifomu halina pa kujificha. Vitambaa viwili juu ya mwili mmoja, vichekesho viwili.

Udhaifu nao upo. Mke gani atakaa miaka bila kujua? Hapa kwetu siri ya namna hiyo isingemaliza siku mbili kabla ya kufika sokoni. Lakini mtazamaji anakubali kudanganywa mradi adanganywe kwa utaratibu, na utaratibu ule ulifuatwa.

Nilimwonyesha kipande kimoja sentineli wa parseli ya jirani, mzee aliyekesha kwenye mageti tangu ujana wake. Hakuuliza habari za mke. Alirudisha picha nyuma kwa kidole, akatazama tena Papa akibadilisha nguo, kisha akaniuliza: “Na ile koti, mchana kutwa anaiweka wapi isijikunje?”