Migomba Juu ya Rweya, Ukuta Usioonekana

Ijumbi, Muleba, kama kwingineko Buhaya, vibanja vya migomba na mibuni vimekaa kama visiwa katikati ya rweya, zile nyanda za majani. Faili za ramani za Battle for Wesnoth, mchezo wa mkakati alioutoa David White mwaka 2003, zimepangwa kwa fikra hiyohiyo: majani kwanza, miti baadaye.

Kila kigae ni pembesita ya pikseli 72 kwa 72. Msimbo wake una sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ^. Kushoto ni ardhi tupu, kulia ni kilichosimama juu yake: Gg ni majani mabichi, ^Ft ni msitu wa tropiki. Ukichora migomba mara moja, unaisimika popote, rweyani au kwenye udongo mtupu, bila kuichora upya. Tena picha ya miti inaruhusiwa kuvuka mpaka na kufunika kidogo kigae cha nyuma yake. Programu huchora kutoka nyuma kuja mbele, na jicho linapata kina. Huo mvuko mdogo ndio ninaouona kuwa ufundi mkubwa kuliko wote humo. Bila huo tungetazama sakafu ya marumaru.

Kinachoishinda Wesnoth ni vilima vyetu. Safu za Buhaya zimelala kaskazini hadi kusini, sambamba na Ziwa Victoria, na mchezo huo huitazama nchi kutoka kusini. Ukuta wa safu hizo unaoelekea ziwani, mashariki, unakosa uso, unabaki mstari. Mlima wenyewe ni picha tu, hauna mita.

Mchoro wa isometriki hugeuza ramani nyuzi 45. Kaskazini ikienda pembe ya juu kulia, mtazamaji anakuwa amesimama kusini-mashariki, kama aliye mtumbwini ziwani, na ukuta wote unamwelekea. Freeciv, iliyoanzishwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, mwaka 1995, ina ramani za namna hii, hata za pembesita. Kawaida mistari hushuka pikseli moja kwa kila mbili za kwenda pembeni, ili isikatike meno. Hivyo mteremko ni nyuzi 26.6 badala ya 30 za isometriki halisi. Gharama yake ni kwamba hatua sita za pembesita hazilingani kwenye skrini, ingawa kanuni za mchezo zinazihesabu sawa.

Kimo kingepatikana kwenye vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Kwa pikseli moja kila mita 8, kilima cha mita 160 kingepanda pikseli 20, na bonde lililo nyuma yake, magharibi, lingefunikwa. Mimi ningepunguza kimo hicho nusu: afadhali kilima kifupi kuliko kuupoteza mto Ngono ulio bondeni humo.