Plamedi watatu mu darasa moja

Bandugu, bazazi ba kizazi yetu banatafutia mutoto jina ya pekee. Banakata maneno ya Kifaransa: « plan merveilleux de Dieu » inakuwa Plamedi, « gloire de Dieu » inakuwa Glodi. Wenye kuchukia majina haya wanasema ni ukoloni. Hapana. Kule Ufaransa nani anaitwa Plamedi? Jina hii tuliizaa sisi wenyewe. Mobutu alikataza majina ya Kikristu mu 1972. Vyama vingi viliporuhusiwa 1990, yakarudi wazi. Amri haishindi mapenzi ya mzazi.

Kosa iko fasi ingine. Wote tukitafuta upekee fasi moja, tunafanana. Mwalimu anaita Plamedi, wanaitika watatu.

Sasa tuangalie Banande. Kambale ni mtoto wa pili wa kiume, Masika ni binti wa kwanza. Baluba wakizaa mapacha, ni Mbuyi na Kabanga. Ba Kambale ni wengi sana, upekee hakuna. Lakini jina inakuambia mutu anasimama wapi kati ya ndugu zake. Plamedi inasifu Mungu, na ni vizuri, ila juu ya nyumba yenu haisemi kitu.

Basi weye unayengojea mutoto: Plamedi, andika. Lakini jina ya kwenu usiitafute haraka-haraka mbele ya karani wa état civil. Uliza bankambo wangali hai. Wao njo wanajua ni jina gani inakosekana mu jamaa.