Istilahi "Wizi wa Utambulisho Uliokithiri": Je, Yatosha?

Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliweka kosa ambalo mfasiri wa Kiswahili huelekea kuliita "wizi wa utambulisho uliokithiri". Jina hili lapendeza masikioni, lakini kwa maoni yetu lapotosha mara mbili.

Kwanza, neno "uliokithiri". Kukithiri ni kuzidi kwa wingi au kiasi; msomaji atadhani anakusudiwa mtu aliyeiba vitambulisho vingi. Sheria haiulizi kiasi. Yauliza kama utambulisho wa mtu mwingine ulitumiwa katika kutenda kosa jingine kubwa lililoorodheshwa, mathalani udanganyifu wa pasipoti, viza au uraia. Namba moja tu yatosha. Adhabu ni kifungo cha miaka 2, kinachofuata baada ya kile cha kosa la msingi. Hakimu hawezi kuamuru vitumikiwe pamoja. Tena, mwaka 2023, katika shauri la madai ya malipo ya matibabu, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba matumizi ya utambulisho lazima yawe ndicho kiini cha kosa, si jambo la kandokando.

Pili, "utambulisho" ukiachwa peke yake hautenganishi kitambulisho cha kubuni na cha mtu halisi. Tofauti hiyo ndiyo iliyofikishwa mbele ya Mahakama hiyo mwaka 2009. Mfanyakazi mmoja, raia wa Mexico, alimpa mwajiri wake kadi za kughushi zenye jina lake mwenyewe, lakini namba zake zilikuwa za watu wengine. Jaji Stephen Breyer, akiandika uamuzi, alieleza kuwa upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha kwamba mshtakiwa alijua namba hizo ni za mtu mwingine. Kujua tu kwamba kadi ni za uongo hakutoshi. Shauri zima lilisimama juu ya kielezi "kwa kujua": nguvu yake yaishia wapi katika sentensi?

Kwa hiyo, mkalimani anayeeleza shtaka asiseme "alitumia kwa kujua kitambulisho bandia", bali "alitumia kitambulisho huku akijua kuwa ni cha mtu mwingine". Mshtakiwa Mswahili aliyeulizwa la kwanza aweza kukiri kosa ambalo hakulitenda.

Twapendekeza "wizi wa utambulisho wa mtu mwingine unaoambatana na kosa kubwa". Istilahi hii ni ndefu, lakini yabeba masharti ambayo ile fupi imeyaacha nje. Wasomaji wenye pendekezo bora zaidi twawaomba walilete lipimwe.