Bure na Si Bure: Mahali pa Bei katika Animal Crossing: Pocket Camp

Neno bure lina maana tatu katika Kiswahili. Kitu cha bure ni kitu kisicholipiwa. Safari ya bure ni safari isiyo na faida. Na mtu aliyetukanwa bure ametukanwa pasipo sababu. Kisha upo usemi unaozikanusha zote tatu kwa mara moja: mtu akiona ukarimu uliopita kiasi kutoka kwa asiyemjua, husema si bure, yaani lipo jambo. Kiswahili si peke yake katika hili. Mjerumani naye ana neno umsonst, ambalo hulitumia kwa malipo, kwa faida na kwa sababu, na akisema nicht umsonst hukusudia karibu lile lile akusudialo Mswahili kwa si bure. Mwingereza hana bahati hiyo. Neno lake la kitu kisicholipiwa ndilo neno lake la uhuru, wala halina ndani yake chembe ya shaka. Ndilo neno ambalo wafanya biashara ya michezo ya video walilichagua, na hapana ajabu kwamba liliwafaa.

Mwaka 2014 neno hilo lilifikishwa mbele ya wakubwa. Tume ya Ulaya, pamoja na wasimamizi wa haki za walaji wa nchi wanachama, ilitaka michezo yenye ununuzi ndani yake isitangazwe kuwa ya bure kwa namna ya kumpoteza mnunuzi. Google ilikubali kuacha kuitangaza hivyo, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo Apple ililiondoa neno hilo katika kitufe cha duka lake la programu za simu, ikaandika mahali pake neno lenye maana ya pata. Mwanafunzi wa lugha hupendezwa na habari kama hii, maana si kila siku makampuni makubwa huacha neno moja kwa sababu ya maana yake. Walakini kitufe kilibadilika, michezo haikubadilika. Jambo lililofichwa na neno liliendelea kuwako chini ya neno jipya, na jambo lenyewe halijapata kuchunguzwa vya kutosha na wahakiki.

Desturi yao ni kuigawa michezo mafungu mawili, ile inayouzwa kwa bei kamili, mara moja, na ile inayotolewa pasipo malipo na kuishi kwa manunuzi madogo madogo, kisha kuuliza ipi iliyo ghali. Swali hilo ni la mwenye mfuko. Mhakiki yampasa kuuliza jingine: bei imekaa wapi? Kiswahili kinamsaidia tena, kwa kuwa kinatenga bei na gharama. Bei hutajwa na muuzaji kabla ya mapatano. Gharama hujulikana na mnunuzi baada ya mambo kwisha. Bei ya kitabu imeandikwa juu ya jalada, wala haibadili hata nukta moja ya hadithi. Mchezo unaouzwa kwa bei kamili una bei kwa maana hiyo. Mchezo wa namna ya pili hauna bei. Una gharama, na gharama hiyo imefumwa ndani ya kazi yenyewe, katika mwendo wake, vizuizi vyake na nyakati zake.

Mara chache mhakiki hupata kazi moja iliyotolewa kwa namna zote mbili, apate kuipima bila kulinganisha embe na ndizi. Animal Crossing: Pocket Camp, mchezo wa simu wa kampuni ya Nintendo ya Japani, ni kazi ya namna hiyo. Ulitolewa ulimwenguni mwezi wa Novemba 2017 bila malipo ya kuanzia, ukakaa hivyo kwa miaka saba, ukafungwa mwishoni mwa Novemba 2024. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba, ukatokea tena kwa jina lile lile pamoja na neno Complete, ukauzwa mara moja tu: dola 9.99 hadi mwisho wa Januari 2025, na baada ya hapo dola 19.99. Katika huo wa pili hakuna kitu kinachonunuliwa kwa fedha ndani yake.

Kabla ya kuipima hiyo miwili ni lazima kumjua mama yao. Mchezo wa kwanza wa ukoo huu, Dōbutsu no Mori, ulitoka Japani mwezi wa Aprili 2001. Katsuya Eguchi, mmoja wa waliouongoza, amepata kueleza kwamba wazo lake lilizaliwa alipohama Chiba kwenda kufanya kazi Kyoto, mbali na jamaa na rafiki zake. Mchezaji huhamia kijiji cha wanyama asichokijua, huanza maisha kwa deni la nyumba, na hulilipa polepole kwa fedha ya kijijini iitwayo Kengele. Tena saa ya mchezo ni saa ya ulimwengu. Usiku ukiingia kwa mchezaji, huingia kijijini. Mti uliochumwa leo hauzai tena mpaka zipite siku. Hapo ndipo penye ubora wa kazi ile. Kungoja si kasoro yake, ni maudhui yake. Mgeni hawi mwenyeji kwa siku moja, wala urafiki hauharakishwi, na mchezo ulilisema hilo bila kulihubiri, kwa kumfanya mchezaji afunge mashine akalale. Wako waliopindua saa ya mashine ili kesho ije leo. Hao walijidanganya wenyewe, lakini hawakumlipa mtu.

Pocket Camp iliurithi umbo huo. Kijiji kikawa kambi, nyumba ikawa gari la kulala, hata deni likabakia, maana ndege watatu wenye karakana hupanua gari la mchezaji kwa mkopo wa Kengele wala hawamsumbui kwa tarehe. Wanyama huomba samaki, wadudu na matunda, nao hulipa kwa mbao, pamba na vyuma, ambavyo hufanywa viti na meza za kuwakaribisha wageni. Hata hapa kungoja kupo. Mti huzaa tena baada ya saa 3, na samani nyingine huchukua saa kadhaa kutengenezwa. Mtu angeweza kudhani kwamba mafundisho ya mwaka 2001 yamehifadhiwa.

Hayakuhifadhiwa, kwa sababu ya kitu kimoja kilichoongezwa: Tiketi za Majani. Tiketi hizi mchezaji alipewa chache kwa jasho lake, na nyingi aliweza kuzinunua kwa fedha halisi; na kwa Tiketi aliweza kukimaliza kiti papo hapo badala ya kukingoja. Tendo halikubadilika, saa ni zile zile, lakini maana yake ilipinduka. Katika kazi ya kwanza kungoja kulikuwa subira, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ndani ya kazi. Katika hii kulikuwa umaskini, au uchoyo, kwa kuwa kila saa aliyongoja mchezaji ilikuwa saa ambayo angeweza kuilipia na hakuilipia. Mshairi akiambiwa kwamba mizani zake za nane zinaweza kupunguzwa kuwa sita kwa malipo, mizani zote zitageuka kuwa bidhaa, hata zile ambazo hakuna aliyelipa kuzipunguza. Yule aliyejisifu kwamba amecheza miaka mingi bila kutoa senti hakuepukana na bei. Aliishi ndani yake kila siku.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa machimbo ya mawe. Mchezaji aliyetaka kuingia huko alipaswa kuombewa na rafiki watano, watu halisi walio mbali; na asiyekuwa nao aliingia kwa Tiketi 20. Yafaa kusimama hapa kidogo. Kazi iliyozaliwa kwa upweke wa mtu aliyeacha jamaa zake Chiba iliishia kuandika, kwa tarakimu, kwamba rafiki watano ni sawa na Tiketi 20, yaani Tiketi 4 kila mmoja. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mwandishi yeyote alikusudia kutamka neno hilo. Lakini kazi hutamka kwa umbo lake, na mlinganyo ule ulikuwamo mlangoni, mbele ya kila aliyepita.

Kuna na jambo la majina. Tiketi ni tafsida. Kama vile lugha inavyoweka neno laini mahali pa neno la aibu, ndivyo mchezo ulivyoweka Tiketi mahali pa fedha, ili bei ya kiti isisomwe kwa dola wala kwa yeni. Mnunuzi alipaswa kufanya hesabu mbili, ya kwanza ya fedha kuwa Tiketi, ya pili ya Tiketi kuwa kiti, na Tiketi zenyewe ziliuzwa kwa mafungu. Mwaka 2018 tafsida ilipata mwenzake, vidakuzi vya bahati, ambavyo mchezaji alivinunua bila kujua kitakachotoka ndani. Hapo kazi iliuacha mlango wa duka, ikaukaribia mlango wa kamari. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wasimamizi wa kamari wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha sema kwamba visanduku vya bahati vinavyolipiwa, katika michezo kadhaa waliyoichunguza, ni kamari kwa sheria ya nchi yao. Nintendo, ikieleza kwamba hali ya michezo yenye mapato ya namna hiyo haieleweki huko, iliuondoa Pocket Camp Ubelgiji mwezi wa Agosti 2019, pamoja na mwenziwe Fire Emblem Heroes. Mbelgiji aliyenunua Tiketi miaka miwili, akapamba kambi yake, alifungiwa kambi hiyo. Bure ya kwanza ilikwisha kuwa bure ya pili.

Hoja mbili zaweza kuletwa kinyume cha haya, na zote zina nguvu. Ya kwanza ni kwamba bei haijapata kuwa nje ya sanaa. Riwaya za Dickens zilitoka vipande vipande, shilingi moja kila mwezi, na msomaji wake aliachwa mara nyingi katika wasiwasi ili mwezi ujao arudi. Mashine za Space Invaders za mwaka 1978 zilikula yeni 100 kwa kila mchezo, na ukali wa mchezo haukosi kuhusiana na tumbo la mashine. Ni kweli. Lakini shilingi ya Dickens ilinunua kurasa, na yeni 100 zilinunua mchezo. Kila mmoja alijua atoacho na apatacho. Hakuna aliyemlipa Dickens ili asiisome sura inayofuata. Pocket Camp iliuza kinyume cha mchezo. Iliuza ruhusa ya kutocheza sehemu ambayo yenyewe iliiweka.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Bei ya mlangoni huwafungia nje wasio nayo. Nintendo yenyewe ilijaribu njia hiyo mwezi wa Desemba 2016 kwa Super Mario Run, mchezo uliotoa mwanzo wake kama kionjo, kisha ukadai dola 9.99 mara moja kwa yaliyobaki. Ni njia ya uaminifu kabisa, na mwaka uliofuata kampuni ilikiri kwamba, ijapokuwa mchezo umechukuliwa mara milioni 200, faida yake haijafika kiwango cha kuridhisha. Walaji wa ulimwengu walipewa bei iliyo wazi, wengi wakaondoka. Anayewalaumu makampuni peke yao hajaisoma hesabu hiyo. Kadhalika mtoto asiye na dola kumi aliingia Pocket Camp kwa miaka saba, hataingia Complete. Na iko michezo isiyo na malipo ya kuingia ambayo imejitahidi kuiweka bei pembeni. Dota 2 wa kampuni ya Valve, uliotolewa rasmi mwaka 2013, humpa kila mchezaji mashujaa wote, huuza mavazi na mapambo, na mwenye kanzu ya fedha hana upanga mkali kuliko wa mwenziwe. Mapambo yale yana ubaya wao, lakini hayakuingia katika sarufi ya mchezo.

Kwa hiyo yafaa watunga istilahi waiangalie tafsiri ya jina la michezo hii. Kuiita michezo ya bure ni kuazima udanganyifu wa Kiingereza na kuuvika neno lisilostahili. Kiswahili kina neno lake tayari, nalo husomwa juu ya matangazo ya ngoma na ya kandanda: kiingilio. Mchezo usio na kiingilio ni mchezo ambao mlango wake haulipiwi. Ya ndani hayakusemwa, na msikilizaji ajua kwamba hayakusemwa. Mchezo wa bei kamili, vivyo hivyo, ni mchezo wa kiingilio, na jina hilo halimsifu mno, maana uwanja wa kiingilio waweza kuwa na mchezo mbovu. Star Wars Battlefront II ya mwaka 2017 ilitoza kiingilio kamili, na ilikuwa imetayarishwa kuuza visanduku vya bahati ndani. Kelele za wachezaji zikailazimisha kampuni ya EA kuusimamisha ununuzi huo karibu na siku ya kutolewa.

Complete ni mchezo wa kiingilio na hakuna kingine. Tiketi zimeondoka, mahali pake kuna ishara za majani zipatikanazo kwa kucheza tu, na fedha haina tena njia ya kumwondolea mtu kungoja. Kwa kipimo kilichotumiwa hapa hiyo ndiyo kazi iliyo bora, na mtu aliyelinunua gari la ndege wale kwa dola zake hakupunjwa. Lakini mchezo uliokatwa kamba na mtambo wa kampuni umekatwa na watu pia. Masanduku ya soko ambamo marafiki waliuziana na zawadi walizopelekeana hayakuvuka kuja Complete. Kilichobaki ni kadi yenye picha na salamu, ambayo mtu humpa mwenziwe, na mwenziwe huonekana kambini kama mfano wake tu, asiyejua kwamba yuko pale. Rafiki watano wa machimbo hawauzwi tena Tiketi 4 kila mmoja, wala hawaji.